Kungumanga: Kutoka Visiwa vya Banda hadi Vinu vya Industrial Area

Kungumanga ni kokwa ya tunda la mkungumanga, mti usiopukutisha majani mwaka mzima, ambao wataalamu wa mimea huuita Myristica fragrans. Tunda lake ni la manjano hafifu, ukubwa wa limau, na likiiva hupasuka lenyewe mtini. Ndani huonekana kokwa ya rangi ya kahawia iliyokoza inayong'aa, imevishwa wavu mwekundu wenye vidole vidole. Wavu huo ndio basibasi. Ganda la kokwa likivunjwa hutoka kiini kigumu, na hicho ndicho kinachokunwa kwenye chai, halua na mchuzi. Ni nadra mti mmoja kutoa viungo viwili vyenye bei mbili na wanunuzi wawili tofauti. Tena basibasi, ambayo ni nyepesi na kidogo, huuzwa ghali kwa kilo kuliko kungumanga yenyewe.

Jijini Nairobi mti huu hauoti. Industrial Area, ambayo watu wa Eastlands, mitaa ya mashariki mwa jiji, huiita Indaa, iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai baridi yake hushuka hadi karibu nyuzi 10. Mkungumanga unataka joto la nyuzi 25 hadi 30, mvua ya milimita 2,000 au zaidi kwa mwaka na hewa yenye unyevu wa baharini. Hata hivyo, mfanyakazi wa kiwandani anayekunywa chai ya masala kibandani saa nne asubuhi huenda anainywa kungumanga bila kujua, na unga wake umepita kwenye magodauni ya mtaa huohuo. Historia ya zao hili, tangu mwanzo, ni ya kungumanga kulimwa mahali pamoja, na faida kubaki kwingine.

Kwa karne nyingi dunia nzima ilipata kungumanga kutoka sehemu moja tu: visiwa vidogo vya Banda, mashariki mwa nchi inayoitwa leo Indonesia. Vyenyewe ni vichache, kama Neira, Lonthor, Ai na Run, vimezunguka mlima wa volkano. Wafanyabiashara wa Kijava na Kimalei walizichukua kungumanga hadi Malaka, Wahindi na Waarabu wakazipokea, na kutoka bandari za Ghuba na Bahari ya Shamu zikafika Ulaya kwa bei iliyopanda kila zilipobadilisha mikono. Wareno walifika Banda mwaka 1512. Walinunua, lakini hawakuweza kuvitawala visiwa.

Waholanzi walikuja na shabaha nyingine. Kampuni yao ya biashara ya Mashariki, VOC, iliundwa mwaka 1602, na ilitaka kila punje ya kungumanga ipitie mikononi mwake. Watu wa Banda walikuwa wamezoea kumuuzia yeyote anayewaletea mchele na nguo, hivyo mikataba ya kumuuzia mnunuzi mmoja kwa bei aliyoipanga yeye haikushika. Mwaka 1621 gavana mkuu wa VOC, Jan Pieterszoon Coen, alivivamia visiwa hivyo kwa jeshi kubwa lililokuwa na askari wa kukodiwa kutoka Japani. Wazee 44 waliokuwa viongozi wa jamii waliuawa. Kati ya wakazi wanaokadiriwa kuwa 15,000, waliobaki visiwani hawakuzidi elfu moja hivi. Wengine waliuawa, wakafa njaa, wakakimbia au wakauzwa utumwani. Mashamba yaligawanywa vipande 68, wakapewa Waholanzi, na kazi ikafanywa na watumwa walioletwa kutoka kwingine. Hakuna kiungo kingine ambacho ukiritimba wake ulinunuliwa kwa damu ya jamii nzima namna hii, na vitabu vingi vya mapishi hulipita jambo hili kimya.

Waingereza nao walikuwa wameng'ang'ania kisiwa cha Run, ambako Nathaniel Courthope aliwazuia Waholanzi kuanzia 1616 hadi alipouawa mwaka 1620. Ugomvi huo ulimalizwa kwa mkataba wa Breda mwaka 1667: Waholanzi wakabaki na Run, na Waingereza wakabaki na Manhattan, kisiwa ambacho juu yake lilijengwa jiji la New York. Wakati ule wengi waliona Waholanzi ndio waliopata.

Ili mbegu zisioteshwe kwingine, Waholanzi walizichovya kungumanga katika maji ya chokaa kabla ya kuzisafirisha. Hila hiyo ilifaulu kwa muda mrefu kwa sababu mbegu ya mkungumanga ni dhaifu: ikikauka, uhai wake hutoka ndani ya siku chache. Aliyetaka kuiiba ilimpasa aibebe mbichi ndani ya udongo wenye unyevunyevu, baharini kwa majuma mengi. Mfaransa Pierre Poivre alijaribu katika miaka ya 1750 na kushindwa, lakini mwaka 1770 safari alizozipanga zilifikisha miche ya kungumanga na karafuu Mauritius, ikatunzwa katika bustani ya Pamplemousses. Kisha Waingereza, walipovishika visiwa vya Maluku, Banda ikiwamo, wakati wa vita vya Ulaya, kati ya 1796 na 1802 na tena kuanzia 1810, walichukua maelfu ya miche na kuipeleka Penang, Sumatra na Ceylon. Kufikia katikati ya karne ya 19 mti ulikuwa umefika Grenada, katika Bahari ya Karibi. Ukiritimba ulikuwa umekwisha.

Kwa Afrika Mashariki, mlango ulikuwa visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Karafuu zilifika Unguja kutoka huko mwanzoni mwa karne ya 19, na masimulizi mengi humtaja Saleh bin Haramil al-Abry kuwa ndiye aliyezileta. Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani, alipohamishia makao yake Unguja aliamuru karafuu zipandwe kwa wingi, na kazi ikafanywa na watumwa waliotolewa bara. Mikungumanga ilipandwa katika karne hiyohiyo, ila haikupata kamwe nafasi ya karafuu. Sababu inaeleweka: karafuu huanza kulipa mapema kidogo na kila mti una mazao, ilhali mkungumanga humweka mkulima gizani kwa miaka mingi.

Giza lenyewe ni hili. Mikungumanga ina ya kiume na ya kike. Mche unaoota kwa mbegu haujulikani jinsia yake mpaka utoe maua, na hilo huchukua miaka 5 hadi 8. Karibu nusu ya miche hutoka ya kiume, ambayo haizai. Mkulima huhitaji mti mmoja tu wa kiume kwa kila kumi ya kike. Mingine huikata, baada ya kuipalilia na kuinyweshea miaka yote hiyo. Njia ya kuepuka hasara hiyo ni kubebesha: kikonyo cha mti wa kike unaojulikana kuzaa vizuri hupachikwa juu ya mche mchanga, majeraha yakafungwa pamoja hadi yaungane. Kazi hiyo yataka mkono mzoefu, kwani mkungumanga haushiki kwa urahisi kama mwembe au mchungwa.

Mbegu huatikwa mara tu baada ya kuchumwa, ikiwa bado na ganda lake, kwenye kitalu chenye kivuli. Huchipua baada ya wiki nne hadi nane. Mche hupandwa shambani chini ya miti mingine, migomba mara nyingi, kwa maana jua kali huuchoma ungali mchanga. Mizizi yake haiendi chini sana, hivyo maji yakituama huoza, na upepo mkali huung'oa. Mavuno ya kwanza huja mwaka wa saba hadi wa tisa, na mti hufikia nguvu zake ukiwa na miaka 20 hivi. Hapo mti mmoja mzuri unaweza kutoa matunda 1,500 hadi 2,000 kwa mwaka, na ukaendelea kuzaa kwa miaka 60 na zaidi. Aliyepanda hula kidogo. Wajukuu ndio hula sana.

Upepo umeandika sehemu kubwa ya historia hii. Tufani ya Aprili 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba, iliyosalimika, ikawa kisiwa cha karafuu tangu hapo. Huko Grenada, nchi yenye kungumanga kwenye bendera yake, tufani ya Ivan ya Septemba 2004 ililaza mashamba karibu yote. Grenada ilikuwa ya pili kwa uzalishaji duniani baada ya Indonesia, na kwa kuwa mti mpya huchukua miaka mingi, haijarudia kiwango chake cha zamani.

Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 mashamba makubwa yalitwaliwa na serikali, na familia nyingi zikagawiwa eka tatu tatu. Karafuu ziliendelea kununuliwa na shirika la serikali peke yake. Kungumanga ikaachiwa soko. Leo hii mikungumanga ya Unguja huonekana zaidi katika vijiji vya Kizimbani, Kidichi na Dole, ikiwa imechanganyika na mdalasini, vanila na iliki, na wengi wa wanaoitembelea ni watalii.

Matunda yaliyopasuka huokotwa chini ya mti au huangushwa kwa upondo. Nyama ya tunda hutolewa, na basibasi huchunwa kwa vidole ili isikatike, kisha hubanwa bapa na kuanikwa kwenye mkeka. Wekundu wake hugeuka rangi ya chungwa, halafu manjano ya kaharabu, na basibasi iliyokauka sawasawa huvunjika kwa kishindo kidogo ikikunjwa. Kokwa huchukua muda zaidi, wiki sita hadi nane, zikigeuzwa kila siku na kufunikwa mvua inaponyesha. Dalili ya kukauka ni sauti: kokwa ikitikiswa, kiini hugongagonga ndani ya ganda. Hapo ndipo ganda huvunjwa kwa nyundo ya mti, kwa uangalifu ili kiini kisipasuke.

Kungumanga nzuri ni nzito mkononi. Ikikatwa katikati huonyesha michirizi ya kahawia ndani ya nyama ya rangi ya maziwa yaliyoungua, na ikichomwa sindano hutoa chembe ya mafuta. Nyepesi imeliwa na wadudu au ilichumwa changa.

Katika mapishi ya Waswahili kungumanga ina mahali pake pa heshima, ila si pa kila siku. Huingia kwenye halua pamoja na iliki na zafarani, kwenye vitobosha na mikate ya sukari, kwenye uji wa mzazi na kwenye kahawa ya baadhi ya nyumba. Nyumba za Pwani zilinunua punje chache tu kwa wakati mmoja, zikakunwa kwa kisu au kwenye jiwe siku ya shughuli.

Kuelekea bara, kungumanga ilifuata njia ya kila bidhaa ya Pwani. Majahazi yaliileta Mombasa, ambako wachuuzi wa viungo wamejaa hadi leo kuzunguka Marikiti, na reli ikaibeba kupanda. Njia ya reli ilianza Mombasa mwaka 1896 na kufika mahali palipokuwa kinamasi cha Nairobi mwishoni mwa Mei 1899. Maduka ya Wahindi yakafuata nyuma ya mabati ya kambi. Soko lao lilichomwa moto kwa amri ya serikali mwaka 1902 kwa sababu ya tauni, likajengwa tena, na ndilo chimbuko la mtaa unaoitwa sasa Biashara Street. Wagujarati walizijua kungumanga na basibasi kwa majina yao, jaifal na javantri, na kwao zilikuwa sehemu ya masala ya chai na ya nyama. Mji ukawa na makundi mawili ya watumiaji wa kungumanga kabla haujawa na kiwanda hata kimoja cha kuisaga.

Kundi la pili lilikuwa Waswahili na Waislamu wa Nairobi. Walikaa kwanza katika vijiji kama Pangani, kisha Pumwani, iliyopimwa na utawala wa kikoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920. Pangani ilibomolewa mwaka 1939 na wengi wa watu wake wakahamishiwa Shauri Moyo. Mapishi yao, pilau na mahamri, yalienea kutoka Majengo, huko Pumwani, hadi kwa majirani wa Kaloleni, Makongeni na Bahati, ambao wengi walitoka nyumba zisizopika kwa viungo kabisa. Ni haki kusema kwamba Eastlands ilifundishwa viungo na akina mama wa Pumwani pamoja na wenye maduka wa Kihindi, kabla tangazo lolote la biashara halijaandikwa.

Industrial Area ilikua kusini mwa reli, mahali ambapo behewa liliweza kuingizwa hadi mlangoni mwa ghala. Vita Kuu ya Pili ilikata bidhaa za ng'ambo na kulazimisha vitu vitengenezwe hapahapa. Mpango mkuu wa mji wa mwaka 1948 ukaiweka rasmi kuwa eneo la viwanda, na mitaa ya wafanyakazi ikapangwa upande wa mashariki, kwa umbali wa kutembea kwa miguu. Barabara zake nyingi zilipewa majina ya Pwani: Likoni, Changamwe, Lunga Lunga, Funzi. Katika Commercial Street ilikuwapo East Africa Industries, kampuni iliyokuja kuitwa Unilever Kenya, ambayo iliingiza mafuta ya kupikia ya makopo na baadaye viungo vya paketi katika jikoni za watu wa kipato kidogo. Mama aliyezoea kununua binzari ya kupimiwa kwa kijiko sokoni akazoea paketi yenye maandishi.

Wasagaji wa viungo, wengi wao kampuni za kifamilia, walifuata mkondo huo. Kungumanga kwao ni malighafi sumbufu. Robo ya uzito wake au zaidi ni mafuta mazito, na asilimia 5 hadi 15 ni mafuta mepesi yenye harufu. Ikitiwa kwenye kinu kinachozunguka kasi, vyuma hupata moto, mafuta mazito huyeyuka na kuziba chekecho, na mafuta mepesi hupaa hewani. Chumba kizima hunukia, na harufu iliyo hewani haitarudi kwenye unga. Ndiyo sababu punje huvunjwavunjwa kwanza, zikasagwa kidogo kidogo kwa kinu kilichopozwa, au zikasagwa pamoja na viungo vikavu vinavyonyonya mafuta, kama giligilani na tangawizi kavu. Posho mill ya mtaani, iliyotengenezwa kwa mahindi, huigeuza kungumanga kuwa uji mzito unaoganda kwenye kuta zake. Mchuuzi wa soko la Gikomba anayetaka unga wake mwenyewe hulazimika kuichanganya kwanza na kitu kikavu.

Kungumanga inayosagwa Nairobi hutoka Indonesia, India na Sri Lanka kwa meli, na kiasi fulani hutoka Zanzibar. Makontena hupanda kutoka Mombasa hadi bohari ya makontena ya Embakasi, iliyofunguliwa mwaka 1984 na kuunganishwa na reli mpya kuanzia 2018. Tangu Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki uanze mwaka 2005, kungumanga ya Tanzania yenye cheti cha asili haitozwi ushuru wa forodha ikivuka mpaka. Nafuu hiyo haijatosha kuigeuza biashara, kwa kuwa mkulima wa Kizimbani huuza kwa vikapu na kinu cha Nairobi kinanunua kwa tani.

Kuna jambo ambalo unga huficha. Katika biashara ya dunia, punje nzima huuzwa kwa ukubwa wake, na zilizobaki huwekwa katika daraja linaloitwa BWP: zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu na zilizolika ndani. Daraja hilo ni la kukamuliwa mafuta na la kusagwa. Halina ubaya likiwa kavu na safi, lakini punje iliyopasuka ikihifadhiwa na unyevu huota kuvu, na kuvu huzaa sumukuvu isiyoonekana wala kunuswa. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha mikrogramu 5 za sumukuvu aina ya B1 kwa kilo ya kungumanga, na 10 kwa aina zote kwa pamoja, na shehena nyingi zimewahi kurudishwa. Nchini Kenya kazi ya kuweka viwango hivyo ni ya Shirika la Viwango, KEBS, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1974. Udanganyifu mwingine ni wa zamani zaidi: basibasi ya kweli kuchanganywa na ya Myristica malabarica, jamaa yake wa India, yenye wekundu wa kupendeza na karibu haina harufu.

Kipimo nacho ni muhimu. Chembe anayokuna mpishi haina madhara, lakini kuanzia gramu 5 hivi, yaani punje moja nzima au zaidi, miristisini iliyomo huanza kumlevya mtu: kinywa hukauka, moyo hupiga mbio, tumbo huchafuka, akili huvurugika, na hali hiyo huweza kuendelea zaidi ya siku nzima. Malcolm X alisimulia jinsi wafungwa wa Boston walivyoinywa na maji kutafuta ulevi. Zanzibar nako wanaotembeza wageni hupenda kusimulia habari za uji wa kungumanga wa wanawake kwenye harusi, na kicheko chao hakiondoi sumu iliyomo. Mjamzito na mtoto mdogo hawafai kupewa kwa wingi.

Katika vibanda vya Mukuru na kando ya Jogoo Road kungumanga huuzwa leo ndani ya paketi ndogo ya masala ya chai, ikiwa ni sehemu ndogo ya mchanganyiko wenye tangawizi, iliki, mdalasini na pilipili manga. Unga huo hupoteza harufu ndani ya miezi michache baada ya kufunguliwa. Punje nzima, ikiwekwa kwenye chupa kavu iliyofungwa, hudumu miaka. Mnunuzi anayejali anachokunywa anunue punje, aipime uzito mkononi, aangalie kama ina tundu la mdudu, kisha aikune mwenyewe juu ya sufuria chai inapoepuliwa.